Wasomaji wa Nyumba Moja

Waithira hakuwa mtu wa kuamini kitu bure. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani kwanza, na hata mkono ukilowa atataka kujua ni nani aliyekutuma umletee habari hizo. Watu wa mtaa wake wa Langas, Eldoret, walikuwa wamemzoea. Mama yake, Waiyego, alipenda kusimulia kwamba hata siku ya ubatizo mtoto huyu alimkodolea pasta macho kama askari anayemwomba mtu kitambulisho. Lakini tabia hiyo ambayo majirani waliicheka ndiyo iliyompa heshima mahali ambapo majirani hawakupajua, yaani miongoni mwa watu waliotengeneza Kihenge.

Kihenge ni programu ya kompyuta iliyopewa jina la ghala la nafaka, na kazi yake ni kutunza historia ya programu nyingine. Watu kumi wakiandika msimbo mmoja, huyu akiwa Eldoret, yule Brazili, mwingine Ufini, Kihenge kinahifadhi kila hatua ya kila mmoja, kinaonyesha nani alibadilisha nini, na mtu akiboronga kinawarudisha pale walipokuwa kabla hajaboronga. Hakifuti kitu. Waithira na rafiki yake Wanyama walikianzisha wakiwa wanafunzi wa chuo, katika chumba cha kupanga juu ya duka la dawa za mifugo, wakila chapati za jana na kugombania chaja moja. Kilikuwa huria tangu mwanzo. Yeyote angeweza kukichukua, kukifungua aone kilivyoundwa, kukirekebisha na kumgawia mwenzake bila kumpigia mtu magoti. Vyama vya wakulima vilikitumia, maabara zilikitumia, na wanafunzi waliokuwa wakikwepa baba mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi walikitumia pia.

Kanuni yake kubwa ilitoka kwenye maziwa. Baba yake Wanyama alikuwa karani wa chama cha wafugaji huko Moiben, na pale chamani hundi haikutoka mpaka itiwe sahihi na watu wawili wa nyumba mbili. Mtu na mkewe walihesabiwa nyumba moja, vilevile ndugu na ndugu, hata mashemeji wakila meza moja. Waithira alipoisikia kanuni hiyo aliipenda papo hapo, maana ilikuwa kanuni ya watu wasioaminiana ambao bado wanataka kufanya kazi pamoja. Wakaichukua. Hakuna badiliko litakaloingia kwenye Kihenge mpaka lisomwe na kukubaliwa na wasomaji wawili wa nyumba tofauti, na nyumba hapa ni yule anayekulipa mshahara. Msomaji akihama nyumba, atangaze mbele ya wote mara moja. Kila mtu aliyeleta mstari wake wa kwanza alikubali kwamba hata leseni yenyewe, ile iliyokifanya huria, ingebadilishwa kwa njia hiyo tu. Waliona wameziba kila tundu.

Halafu Kampuni ikaja, kampuni kubwa ya kompyuta yenye ofisi Nairobi. Jina la Kihenge na mashine zilizokihifadhi vilikuwa vimesajiliwa kwa Wanyama, kwa sababu siku ile ya kusajili Waithira alikuwa amelazwa na malaria. Wanyama alikuwa amechoka. Alikuwa amepata mapacha, mashine zilikuwa zikizimika kila wiki, na watu waliokitumia Kihenge kote duniani walikuwa wepesi wa kulalamika na wazito wa kusaidia. Kampuni ikanunua jina, ikanunua mashine, ikamwandika Wanyama kazi. Alimweleza Waithira kabla ya kutia sahihi, na Waithira akamwambia asitie, naye akatia. Tangu siku hiyo Waithira hakupokea simu yake. Kama kulikuwa na neno la lazima waliandikiana hadharani, mbele ya wachangiaji wote, kwa lugha kavu kama ya mahakamani.

Kampuni ilimtuma mtu kwake pia. Aliitwa Irungu, kijana wa koti zuri na manukato, akamkaribisha Waithira hotelini kwenye barabara ya Uganda na kummwagia sifa mpaka chai ikapoa. Alimweleza kwamba Kampuni inampenda, inakipenda Kihenge, na kwamba kuna kiti chake Nairobi wakati wowote. Leseni haitaguswa, akasema. Kanuni haitaguswa. Kila kitu kitabaki kama kilivyokuwa.

"Kwa hivyo mnanunua nini?" Waithira akamuuliza.

Irungu akacheka kwa adabu, akamwita mhudumu alete chai nyingine. Waithira hakuigusa hiyo ya pili. Alitembea hadi nyumbani akiwa na hakika kwamba ametoka kuonyeshwa mlango wa mbele ili asiangalie wa nyuma.

Kwa hiyo akakaa macho. Kila badiliko lililotoka Kampuni alilipekua jinsi watu wanavyochambua maharagwe, akitafuta jiwe. Alikuwa na kazi yake ya mchana katika ofisi ya kuuza mbegu mjini, na jioni zote zilikuwa za kupekua. Jambo lililomuudhi ni kwamba kazi ya Kampuni ilikuwa nzuri. Kihenge kilipata kasi. Makosa ya miaka mingi yalirekebishwa. Mtu mwingine angeshukuru, lakini Waithira aliona kila zuri kama mtego mpya, na kadiri alivyokosa jiwe ndivyo alivyozidi kuamini kwamba jiwe lipo.

Wakati huohuo wasomaji wengine wakapungua. Mzee wa Ufini alistaafu akaenda kufuga nyuki. Yule wa Brazili alipata mtoto akapotea. Joy, binti wa Kakamega aliyekuwa msomaji mkali kumpita hata Waithira, alichukua kazi Kampuni, akatangaza mbele ya wote kama kanuni ilivyotaka, na Waithira akamwandikia neno moja tu, "Sawa." Basi ikawa Kampuni ina Wanyama na Joy, na nje amebaki Waithira pekee. Hakuna kilichoingia bila yeye. Watu wakaanza kunung'unika kwamba Kihenge kina lango moja na lango lenyewe lina kutu. Alihitaji msomaji wa pili wa nje, upesi, na amtoe wapi mtu wa kumwamini?

Ndipo Kituyi akatokea. Alianza kwa kuleta marekebisho madogo, safi, yaliyopangwa vizuri, na Waithira alipotazama ni nani, akaona jina na akaona Turbo, mji mdogo magharibi mwa Eldoret, na moyo ukamlainika kwa mara ya kwanza mwaka huo. Alimjua. Zaidi ya hapo, alimjua mama yake.

Zamani familia ya Waithira ilikuwa na duka Turbo. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2007 mambo yalipoharibika na maduka ya watu wa kabila lao yakawaka moja baada ya jingine, Mama Kituyi, jirani aliyezoea kununua sukari kwao kidogokidogo, aliwaingiza wote watano katika chumba chake cha kulala akafunga. Kisha akaketi mlangoni akipukuchua mahindi. Kila kundi la vijana lililopita na kuuliza, alilijibu bila kuinua macho kwamba ndani hamna mtu. Waithira alikuwa chini ya kitanda, kidato cha pili, akiyasikia mahindi yakianguka kwenye karai. Hajawahi kusahau sauti hiyo.

Sasa mtu wa nyumba kama ile utamuuliza nani anamlipa? Waithira, aliyewauliza maswali hadi mapadri, hakumuuliza Kituyi. Alijua tu kwamba anafundisha kompyuta katika shule moja ya binafsi, na hilo lilikuwa kweli wakati huo. Akamsimamia mbele ya wachangiaji, akaandika kwamba anamfahamu tangu utotoni, na Kituyi akafanywa msomaji. Kwa miezi michache Waithira alilala vizuri.

Ikafika Novemba. Alikuwa amekodi shamba Moiben, na mahindi yalikuwa yamekauka yanangoja kuvunwa huku mawingu yakijikusanya kila alasiri kama yanayompima. Akaomba likizo, akaifungia kompyuta kabatini, akaenda kusimamia vibarua. Huko Wanyama alimpigia simu. Akampigia tena siku iliyofuata, na iliyofuata. Waithira alilitazama jina hilo likimulika kwenye kioo, akafyonza, akarudisha simu mfukoni. Alijiambia kwamba Kampuni imemtuma ambembeleze. Alijivunia hata, kwa kweli, jinsi asivyobembelezeka.

Aliporudi Langas na kufungua kompyuta, jambo lilikuwa limekwisha. Badiliko la leseni lilikuwa limeletwa, limesomwa, limekubaliwa. Kuanzia toleo lijalo Kihenge kingekuwa mali ya Kampuni. Msimbo ungeendelea kuonekana, mtu angeweza kuutazama kama nguo kwenye kioo cha duka, lakini kuurekebisha na kuugawa kungetaka ruhusa. Toleo jipya lingetoka mwisho wa mwezi. Chini ya badiliko kulikuwa na majina mawili ya wasomaji wa nyumba mbili. La kwanza lilikuwa Joy. La pili lilikuwa Kituyi.

Waithira akafungua nakala yake ya zamani. Ni kweli kwamba toleo la zamani lingebaki huru milele, na alikuwa nalo lote kwenye mashine yake, historia nzima tangu enzi za chapati za jana. Lakini nani angelibeba? Yeye peke yake, bila jina, bila mashine, bila mtu wa kumsomea. Kwa kanuni aliyoipenda kuliko zote, hakuweza kuingiza hata nukta moja bila mtu wa nyumba nyingine. Angebaki na kihenge kisicho na mtu wa kukitia nafaka.

Na bado hakumshuku Kituyi. Tazama jinsi mtu mwerevu anavyoweza kujifunga macho kwa mikono yake mwenyewe. Aliwaza kwamba kijana amedanganywa, kwamba hakuelewa alichosoma, na mwisho akapata wazo lililompendeza zaidi, kwamba Wanyama ameiba nywila ya Kituyi na kukubali kwa jina lake. Lilikaa vizuri kichwani. Akamwandikia Wanyama ujumbe wa matusi ya adabu. Wanyama akajibu, "Nipigie." Hakumpigia. Alimwandikia Kituyi pia, kwa upole, akimuuliza kama yuko salama, na Kituyi hakujibu.

Jumamosi asubuhi, Waiyego alikuwa uani akianua nguo alipopiga kelele ya furaha. Mama Kituyi alikuwa amesimama langoni, amevaa kitambaa cha kanisa, mguu mmoja umefungwa bendeji, na kwapani amebana mfuko wenye jogoo mwekundu aliyetoa kichwa nje. Wale wanawake wawili walishikana mikono muda mrefu bila kuachana. Waithira alitoka jikoni akipangusa mikono, akamwamkia, akamkaribisha kiti, na Mama Kituyi akakataa kuketi kabla hajasema lililomleta.

"Nimekuletea huyu, Waithira," akasema, akimtoa jogoo mfukoni. "Ningekuja tangu ule mwezi wa tisa, ni mguu ndio ulinilaza. Kijana alisema mimi ndio nikuje, yeye hawezi kukuambia na simu. Wewe ndio ulimshika mkono mpaka hiyo kampuni ikamwona. Mungu akuongezee."

"Kampuni gani, Mama?"

"Si hiyo yenu ya kompyuta? Wamemwandika kazi. Ameniwekea mabati mapya, na stima ameingiza."

Waithira alisikia kila neno. Alijua pia kwamba mtu akikuletea kuku wa shukrani humuulizi tarehe. Kumkataa kuku ni kumkataa aliyemleta, na huyu aliyemleta ndiye aliyewafanya wote wawe hai leo. Akampokea jogoo kwa mikono miwili, akainama kidogo kama inavyotakiwa, akasema asante. Kisha akaenda naye jikoni akasimama hapo akimshika miguu, akiusikia moyo wa ndege ukipiga haraka kuliko wake. Hasira ilimjaa mpaka macho yakamchonyota. Hakumkasirikia Mama Kituyi wala Kituyi. Alijikasirikia mwenyewe, yeye aliyewauliza watu wote isipokuwa mmoja.

Mgeni alipoondoka, ameshiba na amebeba sukari na unga wa kumrudishia mkono, Waithira alimpigia Wanyama. Simu haikuita mara mbili.

"Mimi nilikataa kusoma hiyo kitu," Wanyama akasema. "Ndio maana walipatia Joy. Nimekupigia wiki nzima nikuambie Kituyi ni wetu."

"Nilidhani wamekutuma."

"Najua vile ulidhani, Waithira. Unadhani hivyo tangu nitie sahihi."

Akamweleza mambo yalivyo. Joy na Kituyi walikuwa nyumba moja walipolikubali badiliko lile, kwa hiyo mbele ya kanuni halikuwa na msomaji wa pili. Mtu yeyote akilisema hadharani, na lithibitike kabla toleo jipya halijatoka, badiliko linaanguka. Likishatoka litakuwa suala la mawakili, na mawakili ni wa Kampuni. Yeye mwenyewe, Wanyama, alifungwa na mkataba wa kunyamaza. Hata simu hii ingeweza kumfukuzisha kazi. Abaki nani isipokuwa Waithira? Lakini ajue, akamwonya, kwamba Kampuni haitakiri kwamba ilijua. Itasema kijana aliwadanganya wote. Atafukuzwa, na jina lake litabaki kwenye historia ya Kihenge kama msomaji aliyeficha nyumba yake, na historia ile haifutiki, wao wawili ndio walioitengeneza isifutike. Hakuna mradi duniani utakaomwamini tena.

Waithira akamshukuru kwa sauti ndogo. Baada ya kukata simu alijikuta akijiuliza Wanyama anapata faida gani kwa kumwambia yote hayo. Alilifukuza wazo hilo, likarudi likaketi.

Kituyi alipokea simu jioni. Hakukana. Alisema aliandikwa Septemba, na kwamba mkubwa wake Kampuni alimwambia kutangaza kunaweza kungoja, kwa kuwa bado alikuwa kwenye kipindi cha majaribio.

"Na mimi?" Waithira akauliza. "Mimi pia ningengoja?"

"Dada, si nilituma mathe? Mambo kama hiyo siwezi kukuandikia kwa group kama mtu anatafuta mbuzi imepotea. Wewe ndio ulinishika mkono. Sikujua mguu wake utachukua hiyo muda yote."

"Na ile ya leseni ulisoma ukaona iko sawa?"

"Niliona iko sawa, eeh. Kampuni ndio inalipa watu wa kubeba hii kitu. Wewe unaibeba na nini? Na dada, hukuwahi kuniuliza nani ananilipa. Uliuliza kila mtu, mimi hukuniuliza."

Waithira alimwomba atangaze mwenyewe kabla ya mwisho wa mwezi, na kama hataki, yeye atatangaza. Kituyi akasema ana mama, ana mabati ya kumalizia, akaaga. Mpaka leo Waithira hajui kama kijana alisema ukweli kuhusu kumtuma mama yake au kama kuna mtu Kampuni aliyemfundisha maneno hayo. Yalikuwa mazuri mno. Hicho ndicho kilichomsumbua.

Waiyego alipoelezwa alitupa mwiko sufuriani. Hakuielewa leseni wala msimbo, lakini alielewa kwamba binti yake anataka kumwaibisha mtoto wa Mama Kituyi mbele ya ulimwengu.

"Hiyo ni kompyuta," akasema. "Yule ni mtu."

Waithira akamjibu kwa ukali kwamba ndani ya hiyo kompyuta kuna kazi ya watu maelfu walioitoa bure wakiahidiwa haitauzwa, na kwamba yeye ndiye aliyeiweka ahadi hiyo. Akaona mama yake amegeuza uso. Lakini jambo moja alilikubali. Habari kama hii haipelekwi kwa simu. Kama Kituyi alimtuma mama yake kuleta shukrani, basi yeye naye angeenda Turbo kwa miguu yake kusema alilokusudia kabla hajaliandika.

Alimkuta Mama Kituyi kibarazani, chini ya mabati mapya yaliyong'aa mpaka yakaumiza macho, mguu umewekwa juu ya kigoda. Waithira akamweleza polepole. Alidhani kazi itakuwa kumwelewesha mambo ya wasomaji na nyumba, kumbe mama alikuwa mweka hazina wa akina mama wa kanisa na sheria ya sahihi za nyumba mbili aliijua kumshinda.

"Kwa hivyo unataka kuambia watu mtoto wangu ni mwizi," akasema.

"Hapana, Mama. Nataka kuwaambia yeye ni wa nyumba ile."

"Watamfukuza?"

Waithira angeweza kusema hajui. "Nadhani watamfukuza," akasema.

Mama Kituyi alitazama barabarani, malori yakipita moja baada ya jingine kuelekea Webuye. Aliposema, sauti yake haikuwa na ukali wowote, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Wale vijana pia walikuwa wananiuliza hiyo hiyo," akasema. "Humo ndani ni watu wa nyumba gani. Mimi nikawaambia hakuna mtu."

Waithira aliinamisha kichwa. Alitaka kusema kwamba haya si mamoja, kwamba hakuna atakayechomewa nyumba kwa ajili ya leseni, kwamba kuna tofauti kati ya kumficha mtu asiuawe na kumficha mtu asijulikane anafanya kazi wapi. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililotoka. Machozi yalimtoka badala yake, naye aliyaacha yatoke. Alijua bado ataandika. Alijua akirudi Langas ataketi, ataandika, na hataweza tena kukaa katika kibaraza hiki.

Mama Kituyi aliinuka, akachukua simu yake mezani, akaenda nyuma ya nyumba akichechemea. Waithira alimsikia akiongea Kibukusu, lugha ya kwao, kwa muda mrefu, mara kwa sauti ya juu, mara chini kabisa. Hakukielewa. Alishika jina lake likitajwa, akashika neno "kampuni", basi. Alijikuta amesogeza kiti karibu na ukuta ili asikie zaidi, akaona haya, akakirudisha. Mama aliporudi alikuwa na chai ya maziwa, ameshaitia sukari, na wakainywa. Kisha akamsindikiza hadi barabarani ingawa Waithira alimsihi asiuchoshe mguu.

Walikuwa wamesimama kando ya lami wakingoja gari la mjini simu ya Waithira ilipotetemeka. Ulikuwa ujumbe katika ukurasa wa wachangiaji wote wa Kihenge, mahali pale ambapo hakuna kinachofutika. Aliyeandika ni Kituyi.

"Mimi Kituyi wa Turbo ni wa nyumba ya Kampuni tangu Septemba. Nilipaswa kutangaza na sikutangaza. Nilipokubali badiliko la leseni nilikuwa nyumba moja na Joy, kwa hivyo kukubali kwangu hakuhesabiki. Hakuna aliyenilazimisha kuandika haya. Samahani kwa walioniamini."

Chini yake mzee wa Ufini, aliyedhaniwa amezama kwenye nyuki, alikuwa ameshajibu kwamba ameona, na kwamba badiliko limeanguka. Wengine walianza kuandika. Kihenge kilikuwa kimepona.

"Ameandika?" Mama Kituyi akauliza.

"Ameandika, Mama."

"Basi."

Mama Kituyi alibaki amemtazama usoni, ameegemea mguu mzima, na Waithira alijua anangoja nini. Ni asante tu, neno dogo analolijua kila mtoto, na alikuwa nalo mdomoni. Lakini macho yake yalikuwa yamesharudi kwenye ule mstari wa hakuna aliyenilazimisha. Kwa nini aliandika hivyo? Nani alikuwa amemuuliza? Imekuwaje mtu aliyengoja tangu Septemba aandike upesi namna hii, kwa maneno yaliyonyooka namna hii, na Kampuni inyamaze? Labda wameliacha hili lianguke kwa sababu wana jingine njiani. Labda ile simu ya nyuma ya nyumba haikuwa ya kumpigia Kituyi.

Gari likapunguza mwendo, utingo akagonga bati. Mama Kituyi akamgusa bega kumwambia apande. Waithira akapanda, akaketi dirishani, na gari lilipoondoka hakupunga mkono, kwa kuwa alikuwa ameinama juu ya simu akiusoma ujumbe wa Kituyi tena kutoka mwanzo, polepole, neno kwa neno, akitafuta mahali alipodanganywa.